Mtihani wa Ukubwani

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Kila takataka ya nyumba na ya ukoo hutupwa hapo, na jaa halina ruhusa ya kukataa. Mgonjwa akizidiwa huitwa mtu mzima. Mahari ikipungua huitwa mtu mzima. Chaki zikiisha shuleni, macho ya wote humgeukia mwalimu aliyekaa pale miaka mingi kuliko wengine. Ndiyo maana mtu mzima anaposema kwamba anataka kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, wanaomzunguka hushangaa kidogo, kisha humwuliza swali ambalo kijana haulizwi kamwe: "Unatafuta nini tena?"

Niliulizwa swali hilo mara nyingi kati ya mwaka 1994 na 1996, na walioniuliza hawakuwa na nia mbaya. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilosa, daraja la IIIA, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Kazi nilikuwa nayo, tena ya heshima, ijapokuwa mshahara wake ulikuwa wa kuungaunga. Katika kurasa hizi nitaeleza nilichokitafuta, lakini zaidi nitaeleza nilichokikuta. Watu wengi hudhani kwamba kinachomshinda mtu mzima katika mtihani ni kumbukumbu iliyochakaa, au uchovu, au aibu ya kurudi kwenye dawati. Vyote hivyo vipo, wala sivikatai. Kwangu mimi, hata hivyo, kizingiti kilikuwa kingine kabisa.

Niseme kwanza mlango wenyewe ulivyokuwa. Sisi tuliomaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulijua kwamba nafasi za kidato cha tano zilikuwa chache mno. Orodha zilipotoka, mmoja alikwenda kidato cha tano, mwingine ualimu, mwingine uuguzi, na walio wengi walirudi nyumbani. Mimi nilimaliza mwaka 1980 nikapangiwa chuo cha ualimu, na mwaka 1983 nikaanza kazi. Nchi ilikuwa na kiu ya walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetaka kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma apate nafasi katika shule ya msingi ifikapo Novemba 1977, na madarasa yalikuwa yamefurika.

Azimio hilohilo lilikuwa na upande wa pili ambao wengi wameusahau. Lilitaka vijana waliomaliza kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, bali wakafanye kazi kwanza. Wazo lake, kama nilivyolielewa, ni kwamba kazi nayo ni shule, na aliyekwisha kushika jembe au faili au sindano ya hospitali huuliza maswali tofauti na aliyeshika daftari peke yake. Utaratibu huo ulilegezwa katika miaka ya 1980, vijana wakaanza tena kutoka dawati moja kwenda jingine. Lakini kwa mtu kama mimi, ambaye hakupita kidato cha sita, mlango mmoja ulibaki wazi. Huo ulikuwa mtihani maalumu wa kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliowekwa kwa ajili ya waombaji wenye umri wa miaka 25 au zaidi waliokwisha kukaa nje ya shule kwa miaka kadhaa. Sisi tuliuita kwa kifupi mtihani wa watu wazima. Ulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilipima ufahamu na uwezo wa kufikiri kwa jumla, na ya pili ilihusu fani ambayo mwombaji alitaka kuisomea.

Ilikuwapo milango mingine. Mtu aliweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa kidato cha sita. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kufundisha mwaka 1994. Mimi nilichagua mtihani wa watu wazima kwa sababu moja isiyo na ufahari: ulikuwa wa siku chache, na siku chache ndizo nilizoweza kuomba ruhusa.

Kuhusu maandalizi sina mengi ya kusema, kwa kuwa kila aliyejisomesha akiwa na familia anayajua. Nilisoma usiku kwa taa ya chemli, watoto wakishalala, mbu wakiimba. Vitabu niliviazima kwa mtu huyu na yule. Baba watoto hakunizuia, na siku nyingine alichota maji mwenyewe, jambo ambalo majirani walilijadili kuliko mtihani wangu. Mwanangu wa kwanza, binti, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wake wa darasa la saba, nasi tuligawana meza moja. Yeye alisoma sayansi yake na jiografia yake kwa Kiswahili, midomo ikimcheza. Mimi nilisoma ya kwangu kwa Kiingereza, na mara nyingi nilipoinua kichwa nilimkuta yeye amegeuza kurasa tatu nami bado ninapigana na ileile.

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi ugonjwa uliko. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Tanzania zilifundisha kwa Kiswahili. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimefundisha hisabati, sayansi na historia kwa lugha hiyo. Nilipika kwayo, nilisuluhisha ugomvi kwayo, nilizika kwayo. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa kimelala tangu mwaka 1980 kama nguo ya harusi ndani ya sanduku. Haikuibwa wala haikuuzwa, lakini ilikuwa imepigwa mikunjo na huenda nondo walikuwa wameionja.

Nilisafiri kwa basi hadi Morogoro, na kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, nikalala kwa shangazi yangu, na asubuhi nikapanda Mlimani. Tuliokusanyika pale hatukufanana na watahiniwa niliowazoea. Palikuwa na makarani, wauguzi, maofisa ugani, mabwana wenye mvi na akina mama waliofunga vitenge. Kila mtu alishika kalamu mbili au tatu, kwa hofu ileile niliyoiona kila mwaka kwa watoto wa darasa la saba. Nilijikuta nikitaka kuwaambia, kama nilivyowaambia watoto wangu, "Someni swali mara mbili." Kisha nikakumbuka kwamba siku hiyo sikuwa msimamizi.

Katika karatasi mojawapo palikuwa na swali kuhusu sababu za watoto kuacha shule kabla ya kumaliza. Msomaji, nilitabasamu. Kama kuna jambo nililolijua duniani, lilikuwa hilo. Niliwajua watoto wenyewe kwa majina ya baba zao. Nilimjua aliyekatishwa na mto Mkondoa ulipojaa wakati wa masika, naye alikaa ng'ambo wiki kadhaa hadi akaona aibu kurudi. Nilimjua binti aliyeachishwa ili alee wadogo zake mama yao alipofariki. Nilimjua zaidi ya wote mtoto mmoja wa darasa la nne, mwepisi wa hesabu kuliko wote, ambaye kila mtama ulipokaribia kuiva alitoweka kwenda kuamia, na mwaka mmoja akaenda kuamia asirudi tena.

Kuamia. Kila mkulima wa mtama au mpunga analijua neno hilo. Ni kukaa shambani tangu alfajiri hadi jua lizame, kwa kombeo na kelele, ili ndege wasimalize nafaka. Neno moja tu, na ndani yake mna mtoto, shamba, njaa ya mwaka ujao, na baba asiye na mkono mwingine wa kumsaidia. Nilikaa na kalamu hewani nikitafuta neno hilo kwa Kiingereza. Sikulipata. Saa ilikwenda. Mwishowe niliandika neno pekee lililokuja, neno la Kiingereza lenye maana ya umaskini. Nikaendelea hivyohivyo. Mto uligeuka umaskini, binti yatima akageuka umaskini, mtoto wa hesabu akageuka umaskini. Nilitoka chumbani nikijua kwamba nimeandika kile ambacho mtu yeyote ambaye hajawahi kufika Kilosa angeweza kukiandika.

Matokeo yalipokuja, sikuwamo. Barua ilifika kwa sanduku la posta la shule, kwa hiyo walimu wenzangu walijua kabla sijaifungua. Hapo lile swali la "unatafuta nini tena" lilirudi likiwa na sauti nyingine, ya huruma, na huruma huuma kuliko kejeli. Mtoto akianguka mtihani huambiwa ajaribu tena. Mtu mzima akianguka huambiwa apumzike. Gharama ya jaribio la kwanza, yaani ada, nauli na kitoweo ambacho hakikununuliwa, ilikuwa imetoka mdomoni mwa watu watano. Kujaribu tena kulimaanisha kuwaomba watu walewale wafunge mkanda kwa mara ya pili, kwa ajili ya jambo ambalo lilikwisha kushindikana mara moja. Huo ndio mzigo wa mtihani wa ukubwani ambao hauandikwi kwenye karatasi ya maswali: mtahiniwa huingia chumbani peke yake, lakini huanguka na nyumba nzima.

Aliyenivusha alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Alikuwa karani tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na kwa miaka mingi aliandika ripoti kwa Kiingereza juu ya mabehewa, magunia na ajali. Nilikwenda kumwamkia jioni moja, nikamwomba anisaidie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia habari zako. Nieleze basi, ulishindwa kujua au ulishindwa kusema?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimsimulia habari ya kuamia. Alicheka, akakohoa, akasema, "Mwalimu, mimi niliwahi kuandika ripoti ya treni iliyogonga ng'ombe wa mtu. Wazungu walitaka kujua kwa nini ng'ombe alikuwa relini. Unadhani nilikuwa na neno moja la kuwaeleza? Niliandika kwamba siku ile majani mabichi yalikuwa yameota kandokando ya reli peke yake, kwa kuwa mahali pengine pote palikuwa pakavu. Usitafute neno kubwa. Sema kilichotokea."

Basi tukaanza. Mara mbili kwa wiki nilikwenda barazani kwake baada ya kazi. Malipo yake yalikuwa kahawa chungu na mtu wa kumsikiliza. Mbinu yake ilikuwa rahisi. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi magazeti, basi tulitafuta habari moja katika Uhuru na habari ileile katika Daily News, tukaziweka pamoja na kuangalia namna jambo lilivyovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na kipi kilidondoka njiani. Kwa maneno magumu tulitumia kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyokuwa imepoteza jalada. Siku nyingine alinitolea Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, akaniambia, "Huyu naye alikuwa mwalimu kama wewe, alikuwa na nchi nzima mgongoni, na bado alitafuta maneno usiku." Sikuelewa sana Kiingereza cha Shakespeare, lakini nilielewa alichotaka kuniambia.

Zoezi kubwa lilikuwa hili: alinitaka nichukue kila siku jambo moja la shuleni, nilieleze kwa Kiingereza kwa sentensi fupi, kana kwamba namweleza mtu ambaye hajawahi kuona shule yetu. Nilieleza paa lililoezuliwa na upepo. Nilieleza jinsi watoto themanini wanavyogawana vitabu kumi. Nilieleza kuamia, na nilipoieleza kwa sentensi sita, nilitambua kwamba hata mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na neno lake, sikuwahi kulitazama jambo lenyewe kwa makini hivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miaka kumi na miwili nilikuwa mtu wa kusimama mbele ya ubao na kusahihisha wengine kwa kalamu nyekundu. Kuinama nikaandika sentensi ya mtoto wa darasa la tano, mzee akaichora mistari, kulinifundisha juu ya wanafunzi wangu kuliko semina zote nilizohudhuria.

Mwaka 1996 nilirudi Mlimani. Maswali yalikuwa mengine, na mengine sikuyajua vizuri. Sikutafuta maneno makubwa. Kila nilipokwama niliuliza: ni nini hasa hutokea? Kisha nikaandika hicho. Safari hii barua ilipofika sanduku la shule, walimu wenzangu walinizunguka nikaifungua mbele yao. Nilikuwa nimechaguliwa.

Sasa nimestaafu, na nimepata nafasi ya kujiuliza jambo moja kwa utulivu. Kati ya mtihani wa 1995 na ule wa 1996, ni kitu gani nilichokijifunza juu ya elimu, juu ya jamii, juu ya watoto wanaoacha shule? Ni kidogo sana. Nilikuwa mtu yuleyule mwenye ujuzi uleule. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuutoa ujuzi huo kwa lugha ambayo haikuwa lugha ya kazi yangu. Mwaka wa kwanza nilihesabiwa sifai, mwaka wa pili nikahesabiwa nafaa, na tofauti kati ya hao wawili ilikaa barazani kwa mzee mmoja mwenye magazeti makuukuu. Wenzangu wasiokuwa na mzee kama yule walikwenda wapi?

Sina ugomvi na watungaji wala wasahihishaji. Wao walipima kwa lugha ambayo masomo ya chuo yalifundishwa. Jambo lenyewe ni la taifa, na si kwamba halikufikiriwa. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985, na baadaye vyuo vikuu vifuate. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikipa tena Kiswahili nafasi katika ngazi zote za elimu, lakini sekondari na vyuo vikuu vimeendelea kwa sehemu kubwa na Kiingereza. Binti yangu aliyegawana nami meza alifaulu darasa la saba mwaka uleule wa 1996, na Januari iliyofuata akaingia kidato cha kwanza. Alirudi likizo ya kwanza akiwa kimya. Mtoto aliyekuwa akieleza mzunguko wa maji kwa ufasaha kama mtangazaji wa redio sasa alikariri mistari asiyoielewa. Nilimwelewa bila kuambiwa. Nilichovuka nikiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, pamoja na mume, mshahara na mzee wa kunisaidia, yeye aliambiwa avuke akiwa na miaka kumi na mitatu. Tukarudi mezani, safari hii mimi nikiwa mzee wa magazeti.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ni ufunguo, na kwamba mimi mwenyewe ni shahidi. Ni kweli, na sijutii hata jioni moja ya barazani. Lakini ufunguo ni kitu kimoja, na mali iliyo ndani ya nyumba ni kitu kingine. Tusimwite mtu maskini kwa sababu ufunguo wake umepata kutu.

Siku hizi utaratibu umebadilika. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa mwaka 2005, imeweka njia ya kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa, na mwombaji huandaa ushahidi wa kazi alizofanya pamoja na kufanya mtihani. Nafurahi kuona hivyo, kwa maana ni kukiri kwamba mikono nayo hujua. Bado huja kwangu watu wa makamo, mwuguzi au fundi au mwalimu mwenzangu, wakiuliza wasome kitabu gani. Huwatajia vitabu, kwa kuwa vitabu vinahitajika. Lakini kwanza huwauliza swali nililoulizwa mimi, kama wameshindwa kujua au wameshindwa kusema. Wengi hunyamaza kwanza. Kisha huanza kunieleza kazi yao kwa Kiswahili, taratibu, na kabla kahawa haijaisha huwa wamekwisha kunifundisha jambo ambalo sikulijua. Hapo huwapa kalamu na karatasi, nikawaambia waliandike hilo, kwa sentensi fupi, kwa mtu ambaye hakuwapo.